Jinsi Mapinduzi Yalivyohubiriwa: Televisheni ya Zaire na Maneno ya Dini

Makala haya yanakusudia kuchunguza namna televisheni ya taifa, katika miaka ya chama kimoja nchini Zaire, ilivyowafundisha raia mapinduzi kwa kutumia sura na maneno ya dini. Jambo hili lina utata ndani yake, kwa kuwa lilitendeka wakati uleule ambapo serikali ilikuwa katika ugomvi mkali na makanisa. Wanahistoria wamekwisha kuandika mengi juu ya ugomvi huo, nasi hatutarudia kazi yao. Twataka kuuliza swali linalotuhusu sisi watu wa lugha: katika mahubiri hayo ya kila jioni, Kiswahili kilisimama upande gani?

Ni lazima kusema kwanza kwamba mwandishi wa makala haya hakuwa mtazamaji wa televisheni hiyo, kwa sababu ya umri. Aliyoyaandika hapa ameyapata katika maandishi, katika picha za zamani na katika mazungumzo ya wazee. Na wengi wa wanafunzi wetu wa leo wamezaliwa baada ya mwaka 2000, hata jina la Zaire kwao ni jina la vitabuni.

Kituo na chama

Televisheni ilianza mjini Kinshasa tarehe 23 Novemba 1966. Msomaji ataona mara moja maana ya tarehe hiyo: ilikuwa mkesha wa kutimia mwaka mmoja tangu Jenerali Mobutu aliposhika madaraka, tarehe 24 Novemba 1965. Kituo kilizaliwa kama zawadi ya sikukuu, na kwa miaka mingi kilibaki na tabia ya zawadi, yaani kilimtaja mwenye kuitoa. Miezi sita baadaye, tarehe 20 Mei 1967, ilitangazwa Ilani ya N'Sele, ambayo ndiyo hati ya msingi ya MPR, chama cha umma cha mapinduzi. Toka mwaka 1970 chama hicho kilikuwa juu ya vyombo vyote vya nchi, na kila raia alihesabiwa kuwa mwanachama tangu kuzaliwa. Mtoto aliingia katika chama kama vile mtoto wa Wakatoliki anavyoingia katika kanisa, kabla hajaweza kusema ndiyo wala hapana.

Tusikuze mambo kupita kiasi. Televisheni ilikuwa kitu cha miji yenye umeme, na hata katika miji hiyo ilikuwa ya nyumba chache. Jirani walikusanyika kwenye nyumba moja. Kijijini waliisikia redio tu. Lakini redio ilipeleka sauti bila picha, na picha ndiyo iliyokuwa na nguvu ya pekee, kama tutakavyoona.

Uso mawinguni

Wazee wote niliowauliza walianza na picha moja. Kila jioni, kabla ya habari, kioo kilijaa mawingu. Katikati ya mawingu uliotokea uso wa Rais, na kofia yake ya ngozi ya chui, ukawa unasogea na kushuka kutoka juu kuwaelekea watazamaji. Kisha habari zilianza.

Hakuna neno lililosemwa katika picha hiyo, wala halikuhitajika. Mtu aliyefundishwa katekisimu anajua ni nani anayetazamiwa kuja na mawingu: limeandikwa katika Kitabu cha Danieli, limeandikwa katika Injili, na likarudiwa katika Ufunuo. Nchi ambayo wasomi wake karibu wote walikuwa wamepitia shule za misheni haikuwa na haja ya mfasiri. Waliotengeneza picha hiyo walikopa deni lililokuwa tayari katika vichwa vya watu.

Nguvu ya pili ilikuwa saa yenyewe. Ibada si maneno tu. Ni kurudi kwa jambo lilelile katika saa ileile. Kengele ya Malaika wa Bwana ilipigwa asubuhi, adhuhuri na jioni. Mawingu yalikuja jioni. Na baada ya mawingu mpangilio haukubadilika: kwanza Kiongozi na shughuli zake za siku hiyo, hata kama nchini au ulimwenguni lilikuwa limetokea kubwa zaidi, ndipo mengine yakafuata. Halafu zilikuja nyimbo na ngoma za kumsifu, zile ambazo watu waliziita kwa neno la Kifaransa lililogeuka kuwa letu, animasyo. Makundi ya wanawake na wanaume, wafanyakazi wa viwanda na wa ofisi, walicheza wakiwa wamevaa vitambaa vyenye picha ya Kiongozi. Mmoja aliita, wengine wakaitika. Umbo hilo la kuita na kuitika ni la ngoma za wazee wetu, na ndilo pia la litania ya kanisani. Basi kila mtu alijikuta analijua tangu zamani. Serikali ilisema kwamba hiyo ndiyo halisi ya Kiafrika, yaani siasa ya uhalisi iliyotangazwa mwaka 1971. Lakini uhalisi huo uliketi vizuri sana katika kiti cha misa.

Jina moja

Kwa mtu wa isimu, sura iliyo tajiri kuliko zote ni ile ya majina.

Mwaka 1972 raia walitakiwa kuacha majina yao ya ubatizo na kuchukua majina ya ukoo. Rais mwenyewe, aliyekuwa Joseph-Désiré, akawa Mobutu Sese Seko Kuku Ngbendu wa Za Banga. Padri aliyembatiza mtoto kwa jina la kigeni alitishiwa kifungo. Kardinali Malula, Askofu Mkuu wa Kinshasa, alipingana na siasa hiyo, akanyang'anywa nyumba yake na kukaa Roma kwa miezi kadhaa. Kwa hiyo jina la ubatizo, ambalo kwa Mkristo ndilo jina la kuitiwa mbele ya Mungu, lilitoka katika vyeti, katika madarasa na katika vinywa vya watangazaji.

Hatua ya pili ilifuata mwanzoni mwa mwaka 1975. Kwa muda wa majuma kadhaa vyombo vya habari vilikatazwa kutaja jina la mtu mwingine yeyote isipokuwa la Rais. Mawaziri, ambao siku hizo waliitwa makamishna wa taifa, walitajwa kwa vyeo vyao tu. Tulitazame jambo hili kisarufi. Jina la pekee humwonyesha mtu mmoja bila kumweleza. Cheo humweleza mtu bila kumwonyesha, na kesho kitamweleza mwingine. Katika habari za majuma yale kulikuwa na mtu mmoja tu mwenye jina, na wengine wote walikuwa nafasi za kujazwa. Mtangazaji hakuhitaji kueleza nadharia ya uongozi wa mtu mmoja, maana sentensi yenyewe ilikwisha kuieleza. Naona kwamba hapa televisheni ilifundisha zaidi kwa nahau kuliko kwa hotuba.

Injili ya chama

Yale ambayo picha ilinyamazia, mdomo uliyasema waziwazi mwishoni mwa mwaka 1974. Mwaka huo ulikuwa mzito kwa makanisa. Fikra za Mobutu ziliwekwa katika katiba kuwa mafundisho rasmi ya nchi. Noeli iliondolewa katika orodha ya sikukuu za taifa. Mwishoni mwa mwaka ilitangazwa kwamba shule za makanisa zitatwaliwa na serikali, na masomo ya dini yakaachia nafasi masomo ya uraia na ya siasa ya chama. Hapo ndipo kamishna wa taifa wa mambo ya siasa, Engulu Baanga Mpongo, alipotoa hotuba ambayo bado inatajwa katika kila kitabu juu ya enzi hiyo. Kwa ufupi alisema hivi: Mungu alipeleka manabii kwa kila taifa, Yesu alikuwa nabii wa Waebrania, nabii na masiya wetu ni Mobutu, kanisa letu ni MPR, injili yetu ni mafundisho ya Mobutu, kwa hiyo misalaba ipishe picha ya masiya wetu. Aliongeza kwamba mama yake Rais, Mama Yemo, astahili heshima kando ya Bikira Maria. Hospitali kubwa ya Kinshasa ilikuwa tayari na jina lake.

Wengine huichukua hotuba hiyo kama kichekesho cha mtu aliyependa kumpendeza mkubwa wake. Sivyo ninavyoiona. Kamishna huyo alitafsiri kwa maneno yale ambayo raia walikuwa wameyaona kwa macho. Kosa lake, kama ni kosa, ni kuyasema. Mawingu yalikuwa na nguvu kwa sababu hayakudai kitu. Mara yalipofasiriwa, maaskofu waliweza kuyajibu, na waliyajibu. Serikali ilirudi nyuma pole pole: Februari 1977 ulitiwa sahihi mkataba wa kuyarudishia makanisa uendeshaji wa shule. Hotuba haikudumu. Picha ilidumu miaka mingi baada yake.

Upande wa Kiswahili

Sasa turudi kwenye swali letu. Habari za redio na televisheni zilisomwa kwa Kifaransa na kwa lugha nne za taifa: Kikongo, Lingala, Tshiluba na Kiswahili. Mwandishi wa habari wa Kiswahili alipokea maandishi ya Kifaransa, akatakiwa kuyatia katika lugha yetu kabla ya saa ya kusoma. Tumfikirie mezani pake na tutazame maneno aliyokuwa nayo.

Kifaransa kina neno moja la ukombozi wa nchi na neno jingine la ukombozi wa roho. Mwenye kulisikia la kwanza hafikiri msalaba. Kwetu neno ni hilohilo. Ukombozi ni kuikomboa nchi kutoka kwa wakoloni, ni kulipa fidia ili kurudisha kilichowekwa rehani, na ni kazi ya Kristo kwa wanadamu. Mkombozi wa taifa na Mkombozi wa ulimwengu wanatofautishwa na nyongeza tu. Neno imani nalo ni hivyo: imani kwa Kiongozi na imani kwa Mungu hazina tofauti ya umbo. Shahidi ni yule aonaye na kusema barazani, na pia ni yule afaye kwa ajili ya imani yake. Mfuasi wa chama na mfuasi wa Yesu wanaingia kwa mlango mmoja. Mtume ni neno la Waislamu wa Maniema kwa Nabii Muhammad, na la Wakristo kwa wale kumi na wawili. Na shina lake si jingine ila kutuma, tendo ambalo kila chama kinalijua.

Kwa hiyo ndoa ya dini na mapinduzi, ambayo kwa Kifaransa ilihitaji hotuba ya kamishna, kwa Kiswahili ilikuwa karibu kufungwa na kamusi peke yake. Mfasiri angeweza kuikwepa, lakini kwa kazi: kusema uhuru mahali pa ukombozi, kusema kuunga mkono mahali pa kuamini. Tusimlaumu kwa haraka. Tatizo hilo si la Zaire tu. Katika Tanzania neno ndugu liliwafaa viongozi wa chama na wachungaji kwa pamoja, na hakuna aliyeona ajabu.

Neno mapinduzi ndilo lenye historia nzito zaidi. Linatokana na kupindua, kitenzi kinachodai kitu cha kupinduliwa: mashua, chungu, serikali. Januari 1964 Zanzibar lilipata maana yake ya kisasa kwa damu. Mwaka uleule, mashariki ya nchi yetu, Simba waliuteka mji wa Stanleyville tarehe 5 Agosti, wakautawala hadi tarehe 24 Novemba. Mzee wa Kisangani, wa Kindu au wa Uvira hakuhitaji televisheni kumweleza kwamba mapinduzi ni kugeuza chini juu. Aliyaona mtaani kwake, na huenda aliwazika watu wake. Miaka michache tu ikapita, kioo kikamletea mapinduzi mengine, yenye ngoma na vitambaa, ambayo hayakupindua kitu. Nani alipinduliwa? Kisarufi, ni kitenzi kilichoachwa bila yambwa. Neno likawa jina la sherehe. Mtu aweza kusema kwamba hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake hasa katika mashariki: kulifunika neno la mwaka 1964 kwa neno lenye sauti ileile.

Lugha za kioo

Twapaswa pia kukumbuka kwamba lugha hazikugawiwa kazi sawa. Kifaransa kilikuwa lugha ya maandishi na ya sheria. Lingala, lugha ya jeshi na ya mji mkuu, ndiyo iliyotawala animasyo, na ndiyo Rais aliyopenda kuitumia alipozungumza na umati. Kiswahili kilisomwa. Mkazi wa Lubumbashi au wa Bukavu aliimbiwa mapinduzi kwa lugha ya Kinshasa na kusomewa mapinduzi kwa lugha ya nyumbani. Na hata hiyo ya nyumbani haikuwa ya nyumbani kweli, kwa sababu mtangazaji alitumia kile tunachokiita Kiswahili bora, wakati msikilizaji alisema bantu na batoto mahali pa watu na watoto. Kiswahili bora ndicho pia Kiswahili cha Biblia na cha mahubiri. Msikilizaji aliyekizoea kanisani alikisikia sasa kwenye habari, na sauti ya moja iliingia katika nyingine. Hili, kwa maoni yangu, lilitia habari harufu ya kanisa kuliko maneno yoyote ya kamishna.

Lakini kulikuwa na Kiswahili kingine juu ya kioo kilekile. Lubumbashi kulikuwa na kundi la Mufwankolo, waigizaji waliojulikana katika redio na baadaye katika televisheni, waliotumia Kiswahili cha mji kama kilivyo, pamoja na Kifaransa chake kilichochanganywa. Michezo yao ilihusu mambo ya nyumba: deni, ulevi, ndoa, mkuu mwenye tamaa. Johannes Fabian, aliyefanya kazi pamoja nao mwaka 1986, alitunga kitabu kizima, kilichotoka mwaka 1990, kutokana na mchezo wao juu ya msemo usemao kwamba madaraka huliwa mazima. Hawakuwa wapinzani, na televisheni ya serikali isingewaweka kama wangekuwa. Hata hivyo jioni moja mtazamaji aliweza kumwona Kiongozi akishuka mawinguni, na jioni nyingine kumwona mtemi wa mchezo akijadiliwa na raia zake kwa lugha ya sokoni. Katika Kiswahili bora madaraka yalitoka juu. Katika Kiswahili cha Lubumbashi yalikuwa chakula, na chakula huulizwa kimegawiwaje.

Baada ya mawingu

Tarehe 24 Aprili 1990, huko N'Sele, Rais alitangaza mwisho wa chama kimoja. Watazamaji walimwona akishindwa kuzuia machozi. Mtu aliyekuwa akishuka kutoka juu alifuta macho yake mbele yao, na sidhani kwamba picha ya zamani ingeweza kurudi baada ya hapo. Katika Mkutano Mkuu wa Taifa uliofunguliwa Agosti 1991, mijadala ilirushwa na redio na televisheni, na aliyeketi katika kiti cha mwenyekiti alikuwa askofu, Laurent Monsengwo, Askofu Mkuu wa Kisangani. Serikali iliposimamisha Mkutano Januari 1992, Wakristo waliandamana mjini Kinshasa tarehe 16 Februari wakidai ufunguliwe tena. Askari waliwapiga risasi, watu wakafa. Mkutano ulifunguliwa tena mwezi wa Aprili.

Mtu mmoja amebeba historia hii yote katika maisha yake. Dominique Sakombi Inongo, kamishna wa habari katika miaka ya 1970 na mmoja wa wajenzi wakuu wa sifa za Mobutu, aliokoka katika miaka ya 1990, akatubu hadharani juu ya kazi yake hiyo, kisha akarudi kuwa waziri wa habari chini ya Laurent-Désiré Kabila. Sina haja ya kupima moyo wake. Kinachonishangaza ni kwamba hakulazimika kubadili sana msamiati.

Na makanisa nayo yalikuja kuchukua kioo. Vituo vya uamsho vilienea Kinshasa na mikoani baada ya utangazaji wa binafsi kuruhusiwa, na michezo ya kuigiza yenye mchawi, mchungaji na wokovu ikawa chakula cha jioni cha familia nyingi; Katrien Pype ameieleza vizuri katika kitabu chake cha mwaka 2012. Maneno ambayo serikali iliyakopa kanisani yalirudi kanisani, lakini yakiwa yamezoea kipaza sauti na sifa za mtu mmoja. Mchungaji anayetangulizwa na nyimbo za jina lake anarithi vitu viwili kwa pamoja.

Mwezi wa Mei 1997 majeshi ya AFDL yaliingia Kinshasa, na katika jina la muungano huo kulikuwa na ukombozi. Televisheni ikaitwa RTNC. Kiswahili, ambacho mji mkuu ulikijua kidogo, kikasikika barabarani na kwenye kioo, na maneno mawili yakabaki katika lugha ya nchi nzima: kadogo, yaani askari mtoto, na mzee, ambalo lilikuwa cheo na jina la Rais mpya. Baada ya Kiongozi mwenye majina mengi, alikuja mtu aliyeitwa kwa neno ambalo kila mtoto humwitia babu yake. Wengine waliona unyenyekevu. Wengine walikumbuka kwamba Baba wa Taifa naye aliitwa kwa neno la nyumbani.

Habari za lugha nne zinasomwa hadi leo. Wanafunzi wanaotafuta mada ya kazi ya mwisho wanaweza kuanza na jambo dogo lisilohitaji gharama: kurekodi habari za Kiswahili za mwezi mmoja, kuhesabu mahali neno ukombozi linapotokea, na kuandika kando ya kila moja kama aliyekombolewa ametajwa, na amekombolewa kutoka kwa nani. Kisha wafanye vivyo hivyo kwa mahubiri ya mwezi uleule katika kituo kimoja cha kanisa. Na kabla ya kufunga daftari, wamwulize mzee mmoja wa Kisangani na mmoja wa Lubumbashi maana ya neno mapinduzi, wakiandika jibu kama lilivyosemwa, bila kulisahihisha liwe Kiswahili bora.